Kujihami, Kulenga Shabaha na Kuogelea: Mipaka ya Sharia katika Elimu ya Nguvu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Katika miji na vijiji vya mwambao wa Tanga, toka Moa na Mkinga hadi Pangani na Kipumbwi, kuna swali ambalo vijana hawaachi kuwauliza maimamu wao baada ya darsa. Je, Muislamu anaruhusiwa kujifunza kupigana? Je, aweza kumiliki bunduki? Akiingia mwizi nyumbani usiku, ampige mpaka wapi? Na wapo wanaouliza kinyume chake, kwamba mambo haya yote ni ya kidunia, na mcha Mungu inamtosha kuomba dua na kumwachia Allah.

Makundi yote mawili yanahitaji jibu. Wa kwanza wasipojibiwa huenda wakajifunza nguvu bila ya kujua mipaka yake, wakamwaga damu iliyoharamishwa. Wa pili wasipojibiwa watabaki dhaifu, watoto wao wakizama baharini mbele ya macho yao, nao wakadhani huo ndio uchamungu. Makala hii inakusudia kueleza yale waliyoyasema wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani yetu, na kuyatazama pamoja na historia ya mahali hapa na hali ya nchi tunayoishi.

MSINGI WA JAMBO HILI

Katika aya ya 60 ya Suratul Anfal Allah (s.w.) anawaamrisha Waumini waandae nguvu kadiri ya uwezo wao. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliisoma aya hiyo akiwa juu ya mimbari, kisha akakariri mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kutupa, yaani kulenga kwa mshale. Wanazuoni wamefahamu kuwa kila chombo kinacholengwa, kwa zama zake, kinaingia humo.

Ndani ya Sahihi Muslim pia, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), tunafundishwa kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na hupendwa zaidi na Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Naye Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alilipitia kundi la watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza waendelee na kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mtupaji.

Hapa ipo kauli moja inayosikika sana katika hotuba za Ijumaa, ile ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Wengi wetu huinasibisha na Mtume (s.a.w.). Lililo mashuhuri kwa wataalamu wa hadithi ni kuwa maneno haya yamepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), na kuyapandisha hadi kwa Mtume (s.a.w.) kuna udhaifu. Hata hivyo maana yake ni sahihi. Imam an-Nasai amepokea hadithi nyingine inayotaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi: mtu kutembea baina ya shabaha mbili, kumfundisha farasi wake, kucheza na mkewe, na kujifunza kuogelea. Imamu anayehutubia na aitumie hii, asimnasibishie Mtume (s.a.w.) neno asilokuwa na hakika nalo.

YALIYOPITA KATIKA MWAMBAO WETU

Watu wa pwani hii waliijua thamani ya maandalizi kwa njia ngumu. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni wakaanza kushika miji. Pangani alikuja Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Inasimuliwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma watu wa Pangani ni kuingia kwake msikitini na viatu vyake pamoja na mbwa.

Kutokana na hayo Bushiri bin Salim al-Harthi aliinuka Pangani, na Bwana Heri bin Juma akasimama Saadani. Kwa miezi kadhaa sehemu kubwa ya pwani ilitoka mikononi mwa kampuni. Lakini serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann mwaka 1889 akiwa na askari waliofunzwa, wengi wao Wasudani waliokusanywa Misri na wengine kutoka Msumbiji, pamoja na mizinga na bunduki za kisasa. Tarehe 8 Mei 1889 ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa. Mwezi Julai Pangani na Tanga zikatekwa. Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890. Habari za vita hivyo alizitunga kwa utenzi mwanazuoni wa Tanga, Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, ndiye mwandishi wa vitabu vya Mirathi na Nikahi vinavyojulikana na wanafunzi wetu.

Ushujaa haukukosekana kwa wazee wetu wale. Kilichokosekana ni silaha za kulingana na adui, mafunzo ya pamoja na umoja wa kudumu. Jeshi la Bushiri lilikuwa la watu wanaokusanyika na kutawanyika.

Miaka 25 baadaye Tanga ilionyesha upande wa pili wa somo hilo. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wakiteremka upande wa Ras Kazone. Waliokuwa wakiulinda mji hawakuzidi sana 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Wengi wa askari hao walikuwa na bunduki za zamani zinazotoa moshi mwingi. Hata hivyo walikuwa wamefunzwa, na waliijua ardhi. Waliokuja kwa meli walikuwa wamechoka na safari, na wengi wao mafunzo yao yalikuwa haba. Hata nyuki walioghasiwa na risasi waliwashambulia. Waingereza walirudi melini wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi 600,000.

Tusiisome habari hii kwa fahari, maana askari wale, Waislamu wengi wakiwemo, walikufa katika vita vya wakoloni kwa wakoloni. Tuisome kwa mazingatio tu, kwamba wingi bila ya mafunzo hauna faida, na nguvu isiyo na lengo la haki humtumikia mwingine.

MLANGO WA KULENGA SHABAHA KATIKA MADHEHEBU

Baadhi ya watu hustaajabu wakiambiwa kwamba mlango wa kushindana mbio na kulenga umo ndani ya vitabu vile vile tunavyosomea udhu na swala. Matni ya Abu Shujaa, ambayo mwanafunzi wa chuoni huihifadhi akiwa mdogo, ina mlango wake kuhusu jambo hilo. Imam Nawawi ameuweka pia katika Minhaj. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi, ametaja kuwa hakuna aliyemtangulia Imam katika kuandika mlango huo. Naye Imam Shafi mwenyewe alikuwa mlengaji hodari. Wapokezi wamesema alikuwa akipatia mishale tisa katika kumi, na wengine wamepokea kuwa kumi yote.

Hukumu zilizo humo kwa ufupi ni hizi. Kujifunza kulenga kwa nia njema ni sunna. Kutoa zawadi kwa mshindi kunajuzu katika mashindano yanayosaidia ulinzi, kwa dalili ya hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, inayotaja mshale, ngamia na farasi. Zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mtu wa nje, au na mmoja tu kati ya washindani, inafaa. Ama wote wawili wakiweka fedha, mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari, isipokuwa awepo wa tatu asiyeweka kitu naye ashindane nao. Vijana wanaochangishana shilingi elfu moja moja katika mashindano ya mitaani na wakumbuke mpaka huu.

Tena shabaha isiwe kiumbe hai. Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wa Kikuraishi wamemfunga ndege wanamlenga. Walipomwona wakatawanyika, naye akawajulisha kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Wangapi katika watoto wetu hushinda na manati wakipiga ndege na paka wa mitaani? Na katika hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (r.a.) kuna makatazo ya kurusha vijiwe ovyo, kwa sababu havipati windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Mzazi aliyemnunulia mwanawe mpira wa manati bila ya kumfundisha adabu yake anabeba sehemu ya dhima ya jicho litakalopasuka.

NGAZI ZA KUJIHAMI

Wanazuoni wamemwita anayemvamia mwenziwe kwa dhulma "sail". Sharia imemruhusu aliyevamiwa kujihami. Dalili yake ni hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Katika mapokezi ya Said bin Zaid (r.a.) imeongezwa nafsi, dini na watu wa nyumbani.

Lakini ruhusa hii ina ngazi, nazo Imam Nawawi na wengineo wamezipanga waziwazi. Mvamizi huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza, kisha iliyo nzito kidogo, kisha iliyo nzito zaidi:

Kwanza, kama kukimbia au kujifungia ndani kunamwokoa, hana ruhusa ya kupigana.

Pili, kama maneno, au kupiga ukelele wa kuita watu kunatosha, ni haramu kupiga.

Tatu, kama mkono unatosha, ni haramu kutumia fimbo. Kama fimbo inatosha, ni haramu kutumia panga.

Nne, kama kujeruhi kiungo kunamzuia, ni haramu kuua.

Ni pale tu ambapo haizuiliki ila kwa kuua ndipo anayejihami hana dhambi wala kisasi wala diya. Ikiwa mambo yamechanganyika na kasi imezidi, asiweze kupima, husamehewa lile asiloweza kulipima. Ama mvamizi akigeuka kukimbia, au akianguka asiweze tena kudhuru, ruhusa imekwisha papo hapo. Pigo la baada ya hapo ni uadui, na aliyelipiga ana dhamana yake.

Wamefafanua pia kuwa kuitetea mali ni jambo linalojuzu, si wajibu. Mtu akiiacha simu yake ichukuliwe kuliko kumwaga damu hana lawama. Ama kumtetea mwanamke asivunjiwe heshima yake ni wajibu kwa mwenye uwezo.

Sheria ya nchi haipingani na haya. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na viendelezi vyake inampa kila mtu haki ya kujitetea yeye, mwenziwe na mali yake, kwa sharti kwamba nguvu itakayotumika iwe ya kiasi kinachohitajika. Anayezidisha kiasi hushitakiwa.

MWIZI NA HASIRA ZA WATU

Hapa ndipo mahali penye msiba mkubwa katika mitaa yetu. Mwizi anakamatwa. Amekwisha kushikwa, amekaa chini, hana kitu mkononi. Watu wanakusanyika na mawe, fimbo na matairi. Kesho yake habari inaandikwa kuwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Baadhi ya waliorusha mawe walikuwa wametoka kuswali, wakarudi majumbani wakila na watoto wao, wakiamini kuwa wamefanya jambo jema.

Ndugu yangu, ipime hali hiyo kwa ngazi tulizozitaja. Mtu aliyekwisha kushikwa si mvamizi tena. Ruhusa ya kujihami imeondoka. Je, imebaki adhabu ya wizi? Adhabu hiyo katika Sharia si kuua, na ina masharti mengi, kama kiwango cha mali na kuibiwa kutoka mahali penye hifadhi. Tena haitekelezwi na mtu wa mtaani bali na mwenye mamlaka baada ya kuthibiti mbele ya kadhi. Hivyo aliyemuua mwizi aliyeshikwa ameua nafsi iliyoharamishwa, na wote walioshiriki pigo la kuua wamo katika hatari ya hukumu ya kisasi. Imethibiti kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba alihukumu watu kadhaa kwa damu ya mtu mmoja.

Na je, akisema muuaji, "Nilimkuta ndani ya nyumba yangu"? Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha mtu wa Sham aliyemuua mtu akidai amemkuta na mkewe. Muawiya (r.a.) alitaka jibu la Sayyidna Ali (r.a.), naye akahukumu kuwa kama hakuleta mashahidi wanne akabidhiwe kwa wenye damu. Laiti madai ya muuaji yangetosha, kila mwenye chuki angemwita adui yake nyumbani kisha akamwita mwizi.

Wangapi wameuawa kwa kusingiziwa? Mgeni aliyepotea njia, mgonjwa wa akili aliyeingia uwanjani kwa watu, kijana aliyefanana na mwingine. Damu zao zitaulizwa. Imamu asikae kimya katika jambo hili kwa kuogopa kuambiwa kuwa anatetea wezi. Anatetea damu, na kwamba damu ya mtu ni nzito ndilo jambo la kwanza watakalohukumiwa watu baina yao Siku ya Kiyama.

SILAHA YA MOTO

Bunduki kwa asili yake ni chombo. Hukumu yake inafuata matumizi yake. Wapo wakulima wa Handeni, Kilindi na Mkinga ambao mashamba yao huharibiwa na nguruwe na nyani, na wapo wafanyabiashara wenye hofu ya kweli. Kwao kumiliki kwa haja kunajuzu, ila kwa kufuata sheria. Hivi leo Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kumiliki bila ya leseni ni kosa la jinai, na hilo linaingiza magobore yanayofuliwa vijijini. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Kulitii agizo la namna hii ni wajibu wa kisharia pia, maana limewekwa kwa maslaha ya watu wote na halimwamrishi mtu kumuasi Mola wake.

Ama adabu za silaha, Mtume (s.a.w.) alizifundisha kabla ya baruti kujulikana Arabuni, na anayefundisha bunduki leo hana la kuongeza katika msingi wake:

1. Amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui pengine shetani ataifyatua mkononi mwake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Katika mapokezi ya Muslim malaika humlaani anayefanya hivyo, hata kama ni ndugu yake wa baba na mama. Mzaha umeingia humo.

2. Amewaamrisha wanaopita msikitini au sokoni na mishale waishike kwenye ncha zake, asije Muislamu akajeruhiwa. Silaha yenye risasi ndani mahali pa watu ni mbaya zaidi kuliko ncha ya mshale.

3. Amekataza kupokezana upanga ukiwa nje ya ala, kama alivyopokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.). Kwa hiyo bunduki haikabidhiwi mtu ila imetolewa risasi na wote wawili wameona.

4. Amekataza kumtisha Muislamu, hata kwa utani wa kumfichia kitu chake.

Nyumba yenye watoto, silaha ikae imefungiwa na risasi zikae mbali nayo. Mtoto akifa kwa bunduki ya babake iliyoachwa chini ya godoro, lile si "kadari tu". Ni uzembe wenye dhamana.

Hatuwezi kuuacha mlango huu bila ya kutaja baruti inayotupwa baharini kuvulia samaki, ambayo pwani ya Tanga imesifika nayo vibaya kwa miaka mingi. Inaua vifaranga vya samaki, inavunja matumbawe yaliyoota kwa miaka mingi, na imewakata mikono baadhi ya wavuvi wenyewe. Kanuni ya fiqhi inasema hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Chumo hilo lina uharamu wa wazi.

MAFUNZO YA SIRI

Mwezi Februari 2015 mapango ya Amboni, ambayo watu walikuwa wakiyajua kwa chokaa yake na watalii wake, yaligeuka habari ya nchi nzima. Vyombo vya dola vilipambana huko na kundi lenye silaha. Askari mmoja alipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Baada ya hapo Waislamu wengi wa Tanga wasio na hatia waliishi katika mashaka, na hata kijana aliyefanya mazoezi ya viungo alitazamwa kwa jicho jingine.

Ni haki kuwaambia vijana wetu kwa uwazi. Mtu akikuita porini usiku akakwambia usiwaambie wazazi wako wala imamu wako, huyo hakuiti kwenye sunna. Mishale ya watu wa Aslam ilitupwa mchana, mbele za watu, na Mtume (s.a.w.) akapita. Kubeba silaha dhidi ya raia au dhidi ya dola kwa amri ya kikundi kisichojulikana ni katika yale ambayo Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuyafanya si miongoni mwetu, katika hadithi ya wanaobeba silaha juu ya Waislamu. Na aya ya 32 ya Suratul Maida imelinganisha kuua nafsi moja bila ya haki na kuwaua watu wote.

Njia za wazi hazikukosekana. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lina kambi katika mkoa huu, Maramba ikiwa mojawapo, na mujibu wa sheria ulirejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Yapo mafunzo ya mgambo katika wilaya. Ipo skauti mashuleni inayofundisha kupiga kambi, kufunga kamba na huduma ya kwanza. Kijana anayetaka ukakamavu aelekezwe huko.

MAZOEZI YA MWILI

Mieleka, karate, judo na mfano wake asili yake ni halali kwa masharti. La kwanza, usipigwe uso. Bukhari na Muslim wamepokea amri ya kuuepuka uso. Kwa sababu hii na ya madhara yake, Baraza la Fiqhi la Rabitatul Alamil Islami mjini Makka liliharamisha mchezo wa ngumi katika kikao chake cha mwaka 1987. La pili, asiinamiwe mwalimu wala picha kwa namna ya rukuu. La tatu, uchi usitiriwe, baina ya kitovu na magoti kwa mwanamume. La nne, swala isipitwe. Hata kirumbizi cha wazee wetu, mchezo wa fimbo wa arusini, ulikuwa na adabu zake. Mpigaji alijua asipopaswa kupiga, na mchezo ulipokwisha walipeana mikono.

Dada zetu nao wanayo haki hii. Sahihi Muslim imepokea kuwa Ummu Sulaim (r.a.) alikuwa na jambia siku ya Hunain, na alipoulizwa alieleza kuwa ni kwa ajili ya adui atakayemkaribia. Mtume (s.a.w.) hakumkemea bali alicheka. Binti anayetoka shule jioni akijua namna ya kujinasua na kupiga kelele amefanya sababu inayokubalika. Afundishwe na mwanamke, mahali pa stara.

BAHARI ILIYO MBELE YETU

Tumeliacha la mwisho lile ambalo huenda ndilo la haja zaidi kwa watu wa mwambao. Ni wachache wanaovamiwa na majambazi katika maisha yao, lakini wengi wanapanda chombo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na mamia walikufa. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kati ya waliozama walikuwamo watu waliozaliwa na kukulia kandoni mwa bahari wasiojua kuogelea, wanawake na watoto hasa.

Aliyezama ni shahidi kwa hadithi sahihi. Hilo ni faraja kwa wafiwa, si hoja ya kuacha sababu. Wanazuoni wetu wamesema safari ya bahari, hata ya Hija, huwa wajibu pale tu usalama unapokuwa ndio ghalibu. Chombo kilichopakiwa hadi maji yanakaribia ubavu wake, wakati wa kusi kali katika Mkondo wa Pemba, si chombo chenye usalama ulio ghalibu. Kukipanda ni kujitupa katika maangamizi, na nahodha anayekipakia ana dhamana ya roho zilizomo.

Basi mtoto wa Tanga afundishwe kuelea na kuogelea, Raskazone au penginepo, mvulana na msichana kila mmoja kwa stara yake. Afundishwe kuvaa jaketi la kuokolea. Afundishwe alama za njia pia. Toka hapa Tanga, Makka ipo karibu sawasawa na kaskazini, kwa hiyo mvuvi aliyeuona Msalaba wa Kusini umesimama wima akaupa mgongo, ameelekea kibla. Na mwenye maji machache ya kunywa hatawadhi nayo, maana ya bahari yanatosha kwa udhu. Wavuvi walimuuliza Mtume (s.a.w.) suala hili hili, akawajibu kuwa maji ya bahari ni tohara na kilichokufa ndani yake ni halali. Nchi kavu, penye maji ya kiu tu, atatayamamu na kuyahifadhi maji kwa ajili ya roho yake na ya mwenziwe. Aliyeshikwa na njaa ya kufisha porini, Sharia imemruhusu kilichoharamishwa kwa kadiri ya kumwokoa, bila ya kuvuka mpaka.

HITIMISHO

Kutokana na yaliyotangulia inabainika kuwa Uislamu haukuupenda udhaifu wala haukuiachia nguvu bila ya hatamu. Kila alipofundishwa mtu kutupa, alifundishwa pia mahali asipopaswa kutupa.

Ombi letu kwa maimamu ni mambo matatu. Kwanza, mlango wa "sail" usomeshwe msikitini mara kwa mara kama unavyosomeshwa mlango wa twahara, na watu waambiwe waziwazi kuwa kumuua mwizi aliyeshikwa ni kuua. Pili, mtaa ukipiga ukelele wa mwizi, imamu na wazee wawe wa kwanza kufika, wamkinge mtu yule mpaka akabidhiwe polisi. Tatu, kila madrasa ya mwambao ijiulize ni wanafunzi wangapi wanaweza kuelea majini, na iwatafutie mwalimu wale wasioweza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe nguvu yenye huruma, azihifadhi damu zetu na za majirani zetu, na awarehemu waliotangulia baharini na nchi kavu. Amin. Wallahu aalam.